Siku Tuliyopandisha Bac ya Janvier

Buleusa, Jumapili mchana. Mvua imekatika tangu asubuhi, jua limetoka kali, jua la kuanikia mihogo, na mimi sitaki hata kuliona. Nimekaa nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, simu mkononi. Mbele ya nyumba kumejaa watu. Niliwaaga wamama kwamba naenda chooni, na sasa sina haraka ya kurudi.

Wanaonifuata hapa wanajua mimi si mtu wa kumwaga mambo ya moyoni. Blogu hii niliifungua kwa ajili ya finalistes wangu wa fizikia, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wale wasio na kitabu, wapate masomo kwenye simu. Siku nyingine naweka hapa nyenzo, kapi, mteremko, basi. Leo naweka hiki. Finalistes, musitafute humu maswali ya Examen d'État, ule mtihani wenu wa taifa. Asiyetaka kusoma apite, sitamkasirikia.

Jana tulimpata mume wangu.

Ngoja nianze mwanzo, la sivyo nitaandika ovyo ovyo. Jina lake ni Janvier. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu kwenye mto wetu, hapa chini ya soko, kwa bac. Msifikirie meli. Bac yetu ni mbao nzito za msituni zilizofungwa juu ya mapipa matupu ya mafuta, na kamba nene imenyooshwa toka upande huu wa mto mpaka upande ule. Mvushaji anasimama mbele, anavuta kamba kwa mikono miwili, na bac inasogea. Maji yakiwa na nguvu yanaweza kumng'oa mtu pale aliposimama, kwa hiyo wavushaji wa hapa wote wanajifunga mkanda kiunoni, mkanda wa mpira uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa pikipiki, na ncha ya pili wanaifunga kwenye ubao. Papa Anselme, mwenye bac, njo aliwafundisha hivyo, na hakuna mvushaji wake aliyewahi kuanguka majini.

Mapipa yalikuwa yamepoteza vifuniko zamani. Hapa kila mtu anaziba pipa kwa namna moja: kitambaa kwanza, juu yake jani la mgomba lililokunjwa, halafu unapigilia kwa jiwe. Inashika. Inashika mpaka jani linyauke. Likinyauka, maji yanaingia kidogo kidogo, na asubuhi mvushaji anayamwaga na kuweka jani bichi. Wiki ile mvua haikupumzika, mto ulijaa, na siku yenyewe ilikuwa ya soko. Watu walikuwa ng'ambo na mizigo kichwani, wanapiga kelele, Janvier, Janvier, tunachelewa. Nadhani hakupata muda wa kuangalia majani. Aliwavusha wote, wakashuka salama, wakaenda kuuza ndizi zao. Alikuwa anarudi peke yake.

Wamama waliokuwa wanafua waliona kona moja ya bac inashuka. Maji yakapanda juu ya mbao, kamba ikakatika, bac ikapinduka, ikaburutwa mpaka pale mto unapopinda, penye kina kirefu, na ikazama. Wanasema ilikuwa haraka, hata hawakuwahi kusimama.

Mimi nilikuwa darasani. Nilisikia kelele za soko nikafikiri ni mwizi.

Mimi ni mtu wa Karuba. Kwetu ni milima, ng'ombe na jibini, na maji kwetu ni kijito cha kunyweshea ndama. Nilikuja huku Walikale kufundisha, nikaolewa huku, na mambo ya mto nimeyajulia ukubwani. Moja sikulijua kabisa mpaka lilipoingia nyumbani mwangu. Kwa watu wa mume wangu, aliyechukuliwa na maji haliliwi mpaka aonekane. Wanasali, wanaenda misa kama mimi, lakini hapo hawana mchezo. Ukimlilia kabla hajaonekana umemfungia mlango, atabaki njiani, hafiki kwa Mungu na harudi kwenu. Basi hakuna matanga. Hakuna kukaa chini kwenye mkeka. Hakuna anayeruhusiwa kukuambia pole. Mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Mama Janvier kwa sababu Janvier ndiye kifungua mimba wake, alikuwa anampakulia mtoto wake chakula kila jioni, anakifunika, na asubuhi anawamwagia kuku bila kusema neno.

Na mimi nilikuwa naamka, nanawa uso, nachukua chaki, naenda kufundisha. Watu wakikutana nami njiani wanasema, “Yambo mwalimu,” halafu wanaangalia pembeni kama vile nimevaa nguo iliyochanika.

Sikuwa mke, sikuwa mjane.

Nitasema kweli, maana kama nimeamua kuandika basi niandike. Desturi ile niliichukia siku za kwanza. Baadaye nikaipenda, nikaishikilia kwa kucha. Iliniachia nafasi. Nilijiambia, labda alifungua mkanda. Labda alitokea ng'ambo chini kabisa, akatambaa msituni, akaangukia mikononi mwa wale wenye silaha, wakamchukua awabebee mizigo. Wamechukua wengi hivyo, na baadhi yao wamerudi, wamekonda, miguu imeoza, lakini wamerudi. Ebu fikiria mwanamke anayepiga magoti asubuhi na kuomba mume wake awe ametekwa. Nilikuwa mimi huyo.

Watu wa mto walikuwa na hesabu nyingine. Mto huu hurudisha watu wake. Aliyezama huelea baada ya siku chache kule chini kwenye mawe, na wanaume walikuwa wanapokezana kulinda pale. Janvier hakuelea. Kila mtu alijua maana yake: kuna kitu kinamshika. Hakuna aliyenitamkia, lakini mimi nafundisha fizikia, sihitaji kutamkiwa.

Sasa nije kwenye sous-marin, maana wengine mmeniandikia mkiuliza somo lile limeishia wapi.

Programu ya darasa la sita la sekondari ilikuwa imefika kwenye vitu vinavyoelea, na mfano wa mwisho wa somo ni sous-marin, ile meli ya chini ya maji ambayo vitabu vya Kiswahili vinaiita nyambizi. Ningeweza kuiruka. Mkurugenzi wa shule mwenyewe aliniambia nipumzike. Lakini mimi nikiumia najifanya mgumu, ni tabia mbaya niliyotoka nayo kwetu, basi niliingia darasani nikachora meli ubao mzima.

Niliwaambia hivi. Kitu kinaelea kikiwa chepesi kuliko maji kinayoyasukuma pembeni. Kikiwa kizito kuliko maji hayo, kinazama. Sous-marin haiwezi kunenepa wala kukonda, ukubwa wake ni ule ule, basi inachobadilisha ni uzito. Ina ngozi mbili za chuma. Ndani ya ngozi ya pili wanaishi watu, na mashine zao, na vitanda vyao. Katikati ya ngozi hizo mbili kuna matangi, kwa Kifaransa ballasts. Kila tangi lina matundu chini, na juu lina vizibo ambavyo kapteni anaweza kuvifungua ao kuvifunga. Meli ikiwa juu ya bahari, matangi yamejaa hewa. Maji yako pale pale kwenye matundu ya chini, yanataka kuingia, na hayawezi, kwa sababu hewa haina pa kutokea. Chukua glasi, igeuze mdomo chini, izamishe kwenye beseni. Ndani inabaki hewa.

Kapteni akitaka kushuka, anafungua vizibo vya juu. Hewa inatoka, maji yanaingia kwa chini, matangi yanajaa, meli inakuwa nzito kuliko maji inayoyasukuma. Inazama. Hakuna aliyeisukuma wala aliyeivuta, imefunguliwa tu juu.

Nilipofika hapo mkono ulinigoma. Niliona mapipa ya Janvier, na majani ya mgomba yaliyonyauka, na hewa inatoka povu moja moja huku yeye anavuta kamba na kufikiria chakula cha mchana. Wote walijua, hakuna aliyethubutu kunyanyua macho. Nikapangusa chaki mikononi nikawaambia tutaendelea wiki ijayo.

Kupanda juu sikuwafundisha.

Sikusahau. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni hii: kupanda juu ni rahisi mno. Kapteni anafunga vizibo vya juu, anafungulia hewa iliyobanwa kwenye chupa za chuma, hewa inaingia kwenye matangi kwa nguvu na inasukuma maji yatoke kwa matundu ya chini. Meli inakuwa nyepesi, inapanda. Huhitaji kuivuta. Unahitaji hewa tu, na kitu cha kuishikilia kule chini. Sasa, kijiji kizima kilikuwa mtoni kinavuta bac kwa kamba, na kamba zinakatika, na mimi nilikuwa najua jinsi ya kuipandisha. Ningesema neno moja darasani, kabla ya saa sita lingekuwa limefika kwa Papa Anselme. Bac ingepanda. Na kama ikipanda na Janvier, basi mimi njo nitakuwa nimemuua mara ya pili.

Kwa hiyo nilinyamaza. Nilipita kando ya mto nikienda nyumbani nikawaona wanavyohangaika. Safari, mdogo wake Janvier, ni mpigaji mbizi kama wavuvi wengi wa huku: anakumbatia jiwe kubwa, jiwe linamshusha, akifika chini analiachia na yeye anapanda. Alikuwa anatoka macho mekundu, anatetemeka. Alisema bac imelala kifudifudi, mapipa yako juu, mbao ziko chini kwenye tope, na kule chini ni giza tupu. Alipapasa pembeni tu. Chini ya mbao mkono haupiti. Wakafunga kamba tena, wanaume wote wakavuta, kamba ikakatika tena, na wengine wakaanguka chali. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kila kamba iliyokatika. Hayo nayo nayaandika.

Alhamisi nilimkuta Mama Janvier anachambua maharagwe mlangoni. Nikakaa kumsaidia. Yeye si mtu wa maneno mengi na mimi. Tangu nimeolewa ananiita mwalimu, kwa heshima, namna mtu anavyomwita mgeni. Hatukujaliwa mtoto, mimi na Janvier, na hajawahi kunisema kwa hilo, lakini pia hajawahi kunikaribisha sana. Tulichambua mpaka ungo ukakaribia kuisha. Ndipo akasema, bila kuniangalia:

“Mwalimu, weye unafundishaka batoto mambo ya maji.”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi mu ile yote unajua, hakuna hata neno moja ya kunirudishia mutoto?”

Nilisema sijui. Uongo ulinitoka laini kabisa. Yeye akaendelea kuchambua.

“Siombe arudi muzima. Ile nilishajua tangu siku ya kwanza, mie ni muntu wa mto. Niko naomba tu nimuone. Nimufunge kitambaa, nimulilie. Machozi yamenijaa mu tumbo, mwanangu, sipate pa kuyamwaga. Yataniua.”

Maharagwe yalikuwa yanaanguka nje ya ungo. Mimi nilikuwa nimeona sahani tu, na kuku, na mdomo uliofungwa. Nilifikiri huyu mama ana moyo wa chuma. Kumbe alikuwa anazama mbele ya macho yangu na mimi nimeshika kamba nyuma ya mgongo. Nilimchukia dakika ile kwa kuniomba, nawaambia, nilimchukia. Halafu nikasema:

“Mama, nadhani naweza.”

Akainua kichwa. Akaniangalia sana, na nafikiri alielewa kitu nilichokuwa nampa, kwa sababu hakushangilia.

Jioni ile ile Papa Anselme na wanaume walikaa uani kwetu. Niliwaeleza: tukusanye bidoni, zile za njano za kuchotea maji. Tuzijaze maji kwanza, la sivyo hazikubali kushuka. Safari azifunge kwenye bac, moja moja, kule chini. Halafu tupeleke tuyau, ule mpira wa kupitishia maji, tupompe hewa ndani kwa pompe ya kinga, ile ya kujazia baiskeli upepo. Papa Anselme ni mtu mzima, ana adabu zake, alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

“Mwalimu, samahani, niko nakuheshimu. Bac imezama, na weye unataka tuzamishe na bidoni?”

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kicheko kilinitoka kama kikohozi. Nikaenda kuchukua beseni ya kufulia. Nikafunga jiwe chini ya kopo la bati, kwa kamba, mdomo wa kopo ukiangalia chini, nikalizamisha na kuliinamisha mpaka hewa yote ikatoka na kopo likalala. Nikakata bua la jani la papai, lile lenye tundu katikati, nikaingiza ncha yake kwenye mdomo wa kopo, nikapuliza. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili kopo likatikisika. Nikapuliza tena, likaacha chini, likapanda pamoja na jiwe lake mpaka juu, likaning'inia pale.

Papa Anselme alilishika kopo, akalizamisha, akachukua bua akapuliza mwenyewe, mashavu yamevimba. Kopo likapanda.

“Bantu balete bidoni,” akasema.

Jana Jumamosi kila nyumba ilitoa. Nyingine zilinuka mawese, nyingine kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Paroko alitoa tuyau ya bustani, na wenye kinga walileta pompe zao. Mto ulikuwa umepungua kidogo, maji rangi ya chai ya maziwa. Wanaume walienda na pirogue, mtumbwi wa wavuvi, mpaka pale mto unapopinda, Safari akakumbatia jiwe lake, akashuka na bidoni ya kwanza, akarudi, akashuka na ya pili. Baada ya kila mbizi alikuwa anakaa kwanza, anatapika maji, anasema bado naweza. Mimi nilikuwa ukingoni na Mama Janvier, mimi nimesimama, yeye amekaa juu ya jiwe, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama vile anaenda kanisani.

Wakaanza kupompa. Wakapompa mpaka mikono ikawauma, wakapokezana, na juu ya maji yakawa yanatoka mapovu, mengi, bila mwisho. Bac haikutikisika. Niliona nyuso zinanigeukia. Na moyo wangu, moyo huu mpumbavu, uliruka kwa furaha: haiwezekani, basi, nimejaribu, imekataa.

Lakini mapovu yale nilijua yanasema nini. Nikamwita Safari aje ukingoni.

“Shemeji, mudomo ya bidoni umeiweka wapi?”

“Juu,” akasema, anashangaa swali. “Bidoni inafungwaka mudomo juu.”

Hapa kila mtu anabeba bidoni hivyo, mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mdomo juu ili maji yasimwagike. Mikono yake ilifanya inachokijua. Zilikuwa sous-marin zilizofungua vizibo vya juu: hewa inaingia na hapo hapo inatoka. Ningeweza kunyamaza. Naomba mnielewe, hilo neno lilikuwa mdomoni mwangu na hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Wangechoka, wangerudi nyumbani, na mimi ningeendelea kupiga magoti asubuhi. Nikamtazama Mama Janvier. Alikuwa anaangalia maji tu, hajui kwamba kuna kitu kinaamuliwa.

“Zigeuze,” nikamwambia Safari. “Zote. Mudomo chini.”

Akashuka tena na tena. Alipomaliza walianza kupompa upya, na safari hii maji yalinyamaza. Hakuna povu. Hewa ilikuwa inaingia na haitoki. Vijana walikuwa wanapompa huku wakihesabu kwa kuimba, na mimi kwa kila pigo la pompe nilikuwa nasema moyoni, iwe tupu, iwe tupu, iwe tupu. Bidoni ikijaa, hewa ya ziada inamwagika kwa mdomo, povu linatokea juu, Safari anahamisha tuyau kwenye bidoni nyingine. Nilikuwa nimewaeleza kwamba bac ikianza kupanda hewa itavimba, kwa sababu maji ya juu yanabana kidogo kuliko ya chini, na mapovu yatakuwa makubwa, wasiogope, wasogee pembeni tu. Waliogopa hata hivyo. Maji yalichemka ghafla, tope likapanda, watu wakapiga makasia kukimbia, na katikati ya povu yakatokea mapipa, meusi, yanang'aa, na bidoni za njano pembeni yake zinarukaruka.

Watu wakashangilia! Walisahau. Kwa muda ule mfupi walisahau tumekuja kutafuta nini, wakapiga makofi, mtu akaita, “Mwalimu! Mwalimu!” Na mimi, naona haya kusema, mimi nami nilinyanyua mikono juu. Ilikuwa imepanda. Ilipanda jinsi kitabu kinavyosema.

Wakaivuta kwa kamba mpaka penye maji ya magoti. Safari akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya mbao.

Aligeuka akamtazama Papa Anselme, hakunitazama mimi, na Papa Anselme akavua kofia.

Sitaandika nilivyomwona. Mkanda ulikuwa kiunoni bado. Mpira ukilowa fundo lake halifunguki, na vidole vyake vilikuwa pale pale kwenye fundo. Huyo ni mume wangu, alikuwa anajaribu kurudi.

Mama Janvier alisimama. Alifungua kitambaa chake kichwani, akaingia majini na viatu vyake, na alipomfikia alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, ndefu, inatoka tumboni, mpaka ng'ambo watu wakaacha walichokuwa wanafanya. Na hapo wote wakaanza. Wanaume, wanawake, Papa Anselme, Safari ambaye hakuwa na nguvu hata ya kusimama. Kilio cha siku zote zile kilimwagika pamoja. Ndege waliruka mitini.

Mimi sikulia. Nilikuwa nasubiri machozi kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahidi kuja, na hayakuja.

Baadaye, walipokwisha kumfunika, Mama Janvier alinijia mbele ya watu wote. Uso wake ulikuwa umelegea, umepona hata, Mungu anisamehe kusema hivyo. Akanishika mikono yote miwili.

“Aksanti, mutoto wangu,” akasema. “Umenirudishia mutoto.”

Wamama wakanishika mabega, wakanikalisha kwenye mkeka, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuniambia pole. Walikuwa wamezibeba muda mrefu, pole zao, na wote walitaka kuzitua siku moja. Mama yangu mzazi alipiga simu toka Karuba. Barabara ya Masisi imefungwa tena, hawezi kufika. Alilia kwenye simu mpaka réseau ikakatika, na mimi nilikuwa nambembeleza.

Tumemzika leo asubuhi, baada ya misa, juu kidogo ya shule. Mama Janvier alikula. Alikula ugali na sombe, akaomba waongeze, akalala pale pale kwenye mkeka kichwa kwenye paja langu, na alikuwa anakoroma kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Nilikaa bila kusogea ili asiamke. Nilifurahi kwa ajili yake. Ni kweli, nilifurahi, na nilitaka kumsukuma.

Kwa sababu yeye alimpoteza siku ile ya soko, na jana akampata. Mimi mpaka jana asubuhi nilikuwa na mume. Alikuwa amekonda, miguu imeoza, yuko njiani anarudi. Niliongea naye kila asubuhi. Sasa amelala juu ya shule, na aliyemlaza pale ni mimi, kwa pompe ya kinga.

Ningenyamaza, ingekuwaje? Sijui. Nadhani ningefanya vile vile tena, na ningeomba vile vile iwe tupu.

Nawasikia mbele ya nyumba wanaulizana niko wapi. “Mujane ameenda wapi?” mmoja anasema. Sauti siitambui, ni mtu wa kijiji kingine aliyekuja kwa matanga. Ni mara ya kwanza nasikia neno hilo likitafuta mtu na mtu mwenyewe ni mimi.

Ameita tena.

Ngoja niitike.